Mgeni wa Bi Wahida

Maskati, 20 Novemba 2024

Shoga yangu Wahida,

Assalamu alaikum. Barua hii anakuletea Feisal mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, jua kwamba yule mrefu aliyesimama mlangoni kwako, viatu mkononi, ni mwanangu. Usimwache juani.

Unanijua, simu siipendi. Tangu nihamie huku, mwaka wa ishirini na saba huu, tumeandikiana kwa mkono na wasafiri wakabeba, na sioni kwa nini tuache. Simu ni ya kuulizana mmekula nini.

Mtoto amechoka, Wahida. Anachora barabara ofisini kuanzia asubuhi mpaka magharibi, akirudi ukimsemesha anakuitikia kama karani wa benki. Ana miaka ishirini na minane. Nimemwonyesha wasichana watatu, watoto wa watu, wazuri hasa, na wote amesema "wazuri" kisha akaenda kulala. Juzi akaniambia anachukua likizo aende Bagamoyo kwa Abuu wako. Wamekuwa marafiki wa simu miaka yote hii kwa ajili ya mpira na eti hawajapata kuonana. Nikamwambia mmeonana sana, mlikuwa mkilazwa kitanda kimoja mkikojoleana. Akaona namtania.

Basi mpe mkate wako wa kumimina. Mtembezeni. Mpelekeni Kaole, mpelekeni shambani Kiwangwa akanyage udongo. Na macho yake yakimwangukia mtoto wa mtu huko, mimi sina neno. Mama mkwe wangu keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hakuna tena wa kutupimia nani anafaa na nani hafai. Sasa kusema ni kwetu.

Wako wa ukuta mmoja,
Raya

*

Bagamoyo, 2 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Ulisema niandike kwa mkono, nipige picha nikutumie, basi vumilia mwandiko wangu.

Sijui nianzie wapi. Tangu niteremke hapa niko kama mtu aliyeamshwa nusu. Asubuhi nasikia maji kabla sijafumbua macho, kisha jogoo wa jirani, kisha Bi Wahida akigombana na mkaa. Saa za adhuhuri Mji Mkongwe unanyamaza kabisa. Kuta zimemenyeka chokaa, mbuzi wamelala kwenye ngazi za nyumba isiyo na paa, na mimi napita katikati ya barabara bila haraka yoyote. Mara mbili nimepotea na mara mbili nimefurahi. Maskati nikipotea dakika tano napandwa na presha.

Wameniweka chumba cha uani chenye mlango wake, mimi na Abuu. Anakoroma. Mchana ananichukua kwa pikipiki yake kila mahali, ila ukimuuliza habari za mji anajua uwanja wa mpira tu. Anayejua ni mdogo wake, Samia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule zinafunga wiki hii. Samia anajua nyumba ipi ilikuwa ya nani na nani aligombana na nani ndani yake. Nikikosea anasahihisha, nikipatia anasema, "Haya, umepata tiki." Jana alinipeleka Nunge, na Abuu nyuma akilalamika jua, kwenye majaruba ya chumvi anakofanyia kazi baba yao, Mzee Sadallah. Mama, ni maji mapana ya kina cha kidole, na mbingu yote imelala ndani yake. Mzee alikuwa anatembea humo na reki yake, mawingu chini ya miguu. Samia akaniuliza kwa nini nimeacha mdomo wazi.

Bi Wahida ananipenda lakini ni mtu wa ajabu kidogo. Nilipofika hakusema karibu. Aliinua mkono kama anayetaka kunishika uso, akaushusha, akanitazama mpaka nikaona haya. Neno lake la kwanza likawa, "Bado unalala umeshika sikio?" Ni kweli nalala hivyo. Ulimwambia?

Mwanao,
Feisal

*

Maskati, 4 Desemba 2024

Feisal mwanangu, marahaba.

Mimi sikumwambia. Wahida hasahau kitu, ndiyo maana wengi wanamkwepa.

Nimesoma barua yako na miwani, kisha bila miwani. Habari za chumvi nimezisikia. Habari za Samia zimo kila mstari, hata mahali ulipotaka kuandika habari za mbuzi. Mimi sisemi kitu. Kula vizuri, na kofia uvae.

Mama yako

*

Bagamoyo, 11 Desemba 2024

Raya,

Soma hii peke yako, na mlango ufunge. Nimeiweka ndani ya mkebe, chini kabisa, korosho juu yake, kwa sababu Kitwana, binamu wa mumeo, ndiye anayebeba, na Kitwana anasoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Nimemwagiza akwambie uufungue mwenyewe siku hiyohiyo. Kwa simu sikuweza. Yangu humu ndani inashikwa na kila mtu, na wewe ukipokea unaweka sauti kubwa uko jikoni, watu wote wa Maskati wanasikia.

Unakumbuka ulipopelekwa Dar kupasuliwa, Feisal ana miezi mitatu na Abuu wangu miezi mitatu na siku kidogo. Mama mkwe wako alimleta kwangu na makopo mawili ya maziwa ya unga na chupa. Kabla hajavuka kizingiti akaniapisha nisimnyonyeshe. Alisema mjukuu wake hatafungiwa milango ya ndoa na titi la jirani. Nikaapa, Raya. Nilikuwa msichana, namwogopa, nikaapa.

Siku ya kwanza mtoto akakataa chupa. Nikajaribu kijiko, akatema. Nikamchovyea kitambaa, akatema. Siku ya pili sauti ikawa imemkauka, analia bila machozi, na mimi kila akilia kanga yangu inalowa kifuani. Ungefanyaje? Nikakaa chini sakafuni, nikampa. Akashika sikio lake kwa mkono mmoja akanyonya mpaka akalala. Nikampa tena, na kesho yake, na keshokutwa yake. Siku tisa, mpaka uliporudi, na kila mara akishiba. Yale maziwa ya unga nilikuwa nayamwaga uani kidogo kidogo ili makopo yaonekane yanapungua.

Ulirudi umebaki macho tu, na mama mkwe wako kasimama nyuma yako. Ningekuambiaje? Nikasema nitakuambia ukipona. Ukapona, mkahama. Nikajisemea, mvulana wa Maskati na watoto wangu watakutania wapi? Samia alikuwa hata hajazaliwa. Alizaliwa miaka mitano baadaye.

Lakini wewe dini unaijua kuliko mimi. Aliyenyonya kwangu ni mwanangu, na wote niliowazaa ni ndugu zake, waliotangulia na waliokuja nyuma. Feisal ni kaka yake Samia. Hawaoani.

Na sasa wako uani kwangu, Raya. Nawaona kwa dirisha la jiko. Wamekaa mbalimbali kama inavyopasa, Abuu katikati na simu yake, na wanasema habari za viboko wa mtoni. Viboko! Binti yangu anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu amezaliwa.

Sijamwambia mtu, hata Sadallah. Nilitaka ulisikie wewe kwanza, kwa kuwa wewe ndiye niliyekuficha. Naogopa utaniacha. Niandikie neno moja nifanye nini, nitalifanya, lakini upesi, kabla hawajafika mbali.

Wahida

*

Bagamoyo, 18 Desemba 2024

Mama mpenzi, shikamoo.

Kaa chini.

Juzi maji yalikuwa bamvua, yalikupwa sana, na tukachukua boti ya mashine kwenda Mwambakuni. Usiniulize ni kisiwa au si kisiwa. Ni fungu la mchanga baharini. Asubuhi halipo, maji yakipwa lipo, jeupe mpaka macho yanauma, kisha linazama tena. Bagamoyo ukiitazama kutoka kule ni mstari mwembamba tu. Hakuna mti wala kivuli. Abuu alikwenda mwisho wa fungu kuvua, tukawa tunamwona mdogo, na yeye anatuona.

Samia akaokota kijiti akaanza kuchora mchangani. Nikadhani anachora ramani. Alikuwa anachora nyumba. "Hapa ukumbi," akasema, "hapa jiko, liangalie upepo. Hapa chumba cha mama akizeeka." Akapima kwa hatua, akafuta ukuta, akausogeza. Mama, mimi kazi yangu ni michoro, na sijapata kuona mtu anachora akiamini namna ile. Nikamuuliza mlango uko wapi. Akanitazama, akasema, "Mlango bado. Inategemea nani anaingia."

Tulikaa katika nyumba ile, mimi ukumbini, yeye jikoni, hatua nane baina yetu, tukila embe na pilipili, mpaka maji yakaanza kuingia chumba cha mama akizeeka. Boti ikatuita. Nilipogeuka nyuma nikaona bahari tu, na nikawa na hakika kabisa kwamba nimetoka nyumbani kwangu.

Jana Kiwangwa. Shamba la Abuu la mananasi limeshuka bonde lote, majani yanakwaruza miguu, na harufu yake jua likipanda inalewesha. Nilitembea kwenye mistari ile mpaka sikusikia mtu. Nikajiuliza swali moja na jibu likaja lenyewe bila kubishana nami. Sijapata kuwa na jibu rahisi namna ile tangu nizaliwe.

Namtaka Samia, Mama. Niposee. Sijamwambia neno lolote lisilofaa na yeye hajaniambia, lakini nilipomuuliza mzee wake akijiwa na wageni atawapokeaje, alisema, "Atawapokea vizuri, na mimi nitakuwa nyuma ya pazia nasikiliza." Kisha akakimbilia jikoni.

Bi Wahida siku hizi hali vizuri. Nadhani ni joto.

Mwanao aliye macho,
Feisal

*

Maskati, 24 Desemba 2024

Wahida! Wahida wee!

Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani Mhindi akagonga ukuta. Baba yake Feisal anasema nitulie. Nitulie vipi? Miaka yote hii naomba, na siku zote jibu lilikuwa ndani ya nyumba yako!

Ahsante kwa korosho. Kitwana alizileta wiki iliyopita, hazina mfano, tumezila mpaka chini ya mkebe, tukagombania za mwisho. Mungu aibariki mikono yako.

Sasa sikiliza. Kaka yangu Muhidini wa Dar atakuja kwenu Jumamosi tarehe kumi na moja Januari, baada ya adhuhuri, na wazee wawili. Mwambie Sadallah asijifanye hajui kinachowaleta. Mkikubali, ndoa iwe Shaabani, kabla ya Ramadhani, na mimi nitakuja mwenyewe. Nitalala chumba kile chetu na tutasema mpaka tukaukwe na mate.

Nimekwishamwambia Feisal kwamba ndiyo. Nikamsikia kwenye simu anavuta kamasi. Mtoto huyu hakulia hata babu yake alipokufa.

Shoga yako, na inshallah mkwe mwenzako,
Raya

*

Bagamoyo, 30 Desemba 2024

Raya,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaificha chini ya godoro nikaitoa tena. Mwisho umenijibu. Wiki mbili na nusu nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nje natoka mbio mlangoni.

Nami sitakuficha, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiogopa. Nikasema, Raya amesoma kila kitu, ameufikia chini mkebe, na bado anapiga vigelegele. Basi amekwenda kwa wanaojua, wamemwambia ipo njia. Pengine zile siku tisa hazihesabiki. Pengine mimi mjinga nimejitesa miaka ishirini na minane bure.

Lakini niambie shehe gani mliyemuuliza, na mlimwambia vipi. Mlimwambia alishiba kila mara? Isije ikawa umemwambia mara moja au mbili ili kunisitiri. Usinisitiri, Raya. Watoto watazaliwa kwa watu hawa. Samia ameanza kudarizi mito, anaimba akiwa chooni, na baba yake anamcheka. Mimi napita nimeinamisha kichwa katika nyumba yangu mwenyewe.

Sijamwambia mtu bado. Kama ipo njia, nionyeshe nami niione, nipige vigelegele vyangu. Kama haipo, nakuomba kwa Mwenyezi Mungu usimlete Muhidini.

Wahida

*

Maskati, 5 Januari 2025

Wahida,

Hii nimeipiga picha nimeituma kwa simu yako, hakuna wakati wa kungoja msafiri. Jifungie chooni usome, kisha uifute.

Barua yako ilinifikia jana. Niliisoma mara tatu sikuielewa. Shehe gani? Siku tisa za nini? Nikadhani homa imekupanda kichwani. Kisha nikafika pale uliposema nimeufikia chini mkebe.

Wahida, mkebe sikuufungua. Ulikuwa juu ya kabati, na utepe wako. Niliuweka niufungue siku ya wageni wa Samia, wapate kula korosho za nyumbani kwa bibi harusi. Nilikwandikia tumezila kwa sababu ndivyo tunavyoandika! Mtu akikuletea kitu utamwambia umekiweka kabatini? Mama zetu walitufundisha hivyo, na wewe ungenifanyia hivyohivyo. Kitwana alisema "amekusalimu," basi. Maagizo yako aliyasahau uwanja wa ndege.

Nikapanda kiti nikauteremsha. Nikamwaga korosho zote mezani.

Nimelia mpaka baba yake Feisal akadhani umekufa. Nimekukasirikia, Wahida, na bado. Si kwa kumnyonyesha. Mtoto wangu angekufa kwa kiapo cha mwanamke mwenye kiburi, na wewe ukakaa sakafuni ukampa uhai. Ningekubusu miguu. Nimekukasirikia kwa miaka ishirini na saba ya barua. Umeniandikia habari za paka, za paa linalovuja, za nani kaoa na nani kaacha, na hili hukuniandikia. Nami mwezi wa Novemba, kwa mkono wangu, nikakuletea mtoto, nikakwambia macho yake yakianguka sina neno.

Nimekwenda kwa mashehe kuuliza leo, nimewaambia ukweli wote, siku tisa na kushiba. Jibu unalijua. Walilitoa kabla sijamaliza kusema.

Muhidini nimemzuia. Nimemwambia mimi ni mgonjwa, na si uongo.

Kumwambia Feisal siwezi. Nimeshika simu mara nne. Mwambie wewe. Ulimpa maziwa kwa mikono yako, na hili mpe kwa mikono yako, na Samia awepo, asisikie kwa mlangoni. Ukimaliza mshike. Una haki ya kumshika. Tangu amefika ulikuwa nayo.

Raya

*

Bagamoyo, Ijumaa 10 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Bi Wahida amesema anayetakiwa kukuandikia ni mimi, kwa hiyo naandika.

Juzi baada ya alasiri alituita ukumbini, mimi, Samia, Abuu na Mzee Sadallah. Hakukaa kitini, alikaa sakafuni. Akasimulia yote, tangu makopo mpaka mkebe, bila kujitetea hata mahali pamoja. Abuu alianza kucheka kile kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake, kisha akaacha. Mzee Sadallah aliuliza neno moja tu, "Mara ngapi?" Akajibiwa, siku tisa. Akafumba macho, akasema, "Basi." Samia alisimama, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu sana. Ningependa aubamize.

Kisha Bi Wahida akaja akanishika uso kwa mikono miwili. Mikono yake inanuka vitunguu na iliki. Akasema, "Nisamehe, mwanangu," na mimi nilitaka kuwa na hasira, niliitafuta kila mahali, nikajikuta nimeweka kichwa begani kwake kama mtoto. Sijui hasira itakuja lini. Labda kwenye ndege.

Nilitembea ufukweni mpaka karibu na Mbegani na kurudi. Nililia, Mama, nakuambia wewe tu. Nililia huku natembea, na watu wananipisha. Kila kitu kilikuwa palepale, na kila kitu kilikuwa kimesogea mbali kidogo nami, kama ninavyoona vitu nikiwa na homa. Nikafikiri labda naota tangu nilipofika. Nikafikiri nikiamka nitakuwa ofisini.

Jana Samia hakutoka chumbani. Nilimsikia akikohoa, basi. Mama yake aliweka sahani mlangoni na kuiondoa, akaiweka na kuiondoa.

Leo asubuhi nilifunga mkoba, nikakaa uani kungoja chai. Tiketi nimeibadili, naondoka kesho. Mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka Samia na birika.

Hakuwa na ushungi. Hakuwa na mtandio wala kanga kichwani. Mwezi mzima na zaidi nimekaa katika nyumba hii na sijapata kuona hata unywele wake mmoja, mbele yangu amekuwa uso na mikono tu. Nikainama mara moja kwa mazoea, nikatazama viatu vyangu.

Akasema, "Tazama tu. Wewe ni kaka yangu, usiiname." Sauti ilikuwa imemkauka.

Nikatazama. Ni nyingi, Mama. Alikuwa amezisuka upya, mafuta bado yanang'aa kwenye mistari, na shingo ameinyoosha kama mtu anayechomwa sindano hataki kuonekana anaogopa. Nilikuwa nimewaza siku nitakayoziona. Niliwaza shehe amekwishasema maneno yake, wanawake wanaimba nje, nami nafunguliwa mlango. Nimeziona leo saa moja asubuhi, uani, mbele ya Abuu na ndoo za maji, kwa sababu siku ile haitakuja.

Akamimina chai. Birika lilikuwa limejaa, nikaushika mpini naye kumsaidia, mkono wangu ukagusa mkono wake, na hakuna aliyeomba radhi. Abuu akageuka akatazama ukuta.

"Sukari ipo," akasema.

Nikasema, "Ahsante, dada."

Akatikisa kichwa mara moja, akakaa mkabala nami, akajimiminia na yeye, tukanywa.

Mwanao, na mwana wa Bi Wahida,
Feisal